Kazi Ilihamia Wapi? Mitambo ya Kwanza ya Shambani na Nyumbani

Mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa jikoni kwa bibi yangu, Tanga, ilikuwa na ulimi wa chuma uliolika kiasi kwamba meno ya upande wa kushoto yalikuwa mafupi kuliko ya kulia. Bibi hakutaka kuibadilisha. Kila baada ya miezi kadhaa aliipeleka kwa fundi mwenye tupa, meno yakanolewa, kazi ikaendelea. Alikaa juu ya kibao, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, akakizungusha kidogo kidogo juu ya meno yale mpaka weupe ukakaribia kuchanganyika na rangi ya kahawia iliyo karibu na kifuu. Hapo aliacha mara moja, kwa kuwa alisema machicha yenye chembe za kahawia hulichafua tui. Machicha yaliingia kwenye kifumbu, likakamuliwa kwanza tui la kasimile, kisha yakatiwa maji na kukamuliwa tena kupata tui la kupopolea.

Mbuzi haitajwi katika orodha za uvumbuzi, wala haina hati ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, yenye jina la mtu. Hata hivyo, ukiitazama kwa makini utaiona fikra ya ufundi iliyokamilika: uzito wa mkunaji mwenyewe ndio unaokandamiza kibao ili ulimi usiyumbe, na kwa sababu hiyo mikono yote miwili inabaki huru kuzungusha nazi. Nakiheshimu sana chombo hiki. Lakini kazi yenyewe ilibaki mabegani mwa mwanamke yule yule, kila siku, bila malipo, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Historia ya mitambo ya kwanza ya shambani na nyumbani husimuliwa kwa majina ya wavumbuzi na miaka waliyosajili kazi zao, kana kwamba gurudumu likishaanza kuzunguka, kazi imekwisha. Mimi naamini kwamba kazi huhama. Hutoka mkono mmoja kwenda mwingine, hutoka jikoni kwenda sokoni, na wakati mwingine huvuka bahari, na anayetaka kuujua mtambo wowote hana budi kuifuata kazi hiyo mpaka pale ilipotua.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa mashine ya kuchambua pamba. Pamba ya nyuzi fupi, ambayo ndiyo iliyostawi katika maeneo ya ndani ya kusini mwa Marekani, ilikuwa na mbegu zilizong'ang'ania nyuzi hivi kwamba mtu aliyechambua kwa vidole kutwa nzima alipata takriban ratili moja tu, yaani karibu nusu kilo, ya pamba safi. Wahindi walikuwa na mtambo wao wa karne nyingi, wenye vigogo viwili vyembamba vilivyozungushwa kwa mkono, vikavuta nyuzi na kuziacha mbegu nyuma, lakini ulifaa zaidi pamba ambayo mbegu zake huachia kwa urahisi. Eli Whitney, kijana wa Massachusetts aliyekuwa akiishi Georgia, alitengeneza kasha lenye gogo lililopigiliwa meno ya waya. Gogo likizungushwa, meno huvuta nyuzi kupitia mianya miembamba isiyopitisha mbegu, na burashi iliyo upande wa pili huzipangusa nyuzi kutoka kwenye meno. Alipata hataza yake tarehe 14 Machi 1794, na mtambo wa aina hiyo uliweza kutoa ratili 50 za pamba safi kwa siku.

Kwa hesabu ya darasani, kazi ilikuwa imepungua mara hamsini. Shambani mambo yalikwenda kinyume. Kuchambua kulipokuwa rahisi, palibaki kulima, kupalilia na kuchuma, na kazi hizo hazikuwa na mtambo wowote. Zilikuwa na watumwa. Mwaka 1790 watumwa nchini Marekani walikuwa chini kidogo ya 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4, na mavuno ya pamba yalikuwa yamefikia kiasi cha marobota milioni 4 kwa mwaka. Kwa kuwa sheria ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia mwaka 1808, watu wapatao milioni moja waliuzwa au kuhamishwa kutoka majimbo ya zamani kama Virginia na Maryland na kupelekwa kwenye mashamba mapya ya Alabama, Mississippi na Louisiana, wake wakitenganishwa na waume zao na watoto na mama zao. Kasha la mbao na waya liliondoa uchovu kwenye vidole likautwika migongo ya mamilioni. Simbebeshi Whitney lawama zote, kwani njaa ya pamba ya viwanda vya Uingereza ndiyo iliyokuwa ikisukuma kila kitu, lakini siwezi kuridhika na kitabu cha shule kinachomtaja kuwa mtu aliyerahisisha kilimo kikaishia hapo.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya pekee ya kutoridhika. Mwaka 1833 Seyyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa nchi hiyo alifika Unguja. Meli zilizotoka Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta shehena za nguo ya pamba isiyopaushwa, ambayo wazee wetu waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Kutoka Unguja na Bagamoyo ilipelekwa Tabora na Ujiji, na njiani ilikuwa fedha: kwa merikani wapagazi walilipwa ujira, na kwa merikani misafara ilitoa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ili ipite. Meli zilirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kwa hiyo Mnyamwezi aliyebeba pembe begani mpaka baharini, akalipwa kwa mikono kadhaa ya kitambaa, alikuwa katika biashara moja na mtu aliyechuma pamba Mississippi bila kulipwa chochote. Kusokota na kufuma havikuwa vigeni kwetu; wachimbuaji wa mambo ya kale walivikuta Kilwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi, ushahidi kwamba pwani hii ilitengeneza nguo zake karne nyingi kabla ya meli za Salem. Nguo ya kiwandani ilipofika kwa wingi, wafumaji wa sehemu nyingi walipoteza wanunuzi, na kazi yao nayo ikawa imehamia ng'ambo.

Huko Uingereza wenyewe waliiona kazi ikiondoka mbele ya macho yao. Mashine ya kupura ngano iliyoundwa na Mskoti Andrew Meikle mwaka 1786 ilikuwa kazi nzuri ya ufundi, lakini kupura kwa fimbo ndiko kulikowapa vibarua wa mashamba ujira wa miezi ya baridi, wakati ambapo hapakuwa na kazi nyingine. Mwaka 1830 vibarua wa Kent walianza kuzivunja mashine hizo, na vuguvugu likaenea kusini nzima ya nchi. Serikali iliwanyonga watu 19 na kuwapeleka wengine karibu 500 uhamishoni Australia. Waliovunja mashine wamesemwa kwa muda mrefu kuwa wajinga waliopinga maendeleo. Ninavyoona mimi, walijua hesabu yao vizuri kabisa.

Plau nayo ina kisa chake kwetu. Waethiopia wamelima kwa maksai na plau yao ya mbao, maresha, kwa maelfu ya miaka, ilhali sehemu kubwa ya nchi zilizo kusini yao ziliendelea na jembe la mkono. Wageni wengi waliandika kwamba huo ulikuwa uvivu wa kufikiri. Ukweli ni kwamba katika maeneo mengi mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, na plau bila maksai ni kipande cha chuma tu. Mahali ambapo mifugo ilistawi na plau ikafika, kama Usukumani wakati wa pamba, ilipokelewa na kuzoeleka. Lakini plau inapasua ardhi tu. Mwanamume aliyekuwa akilima ekari mbili sasa analima tano, na magugu ya ekari tano yanapoota, anayeinama kuyapalilia kwa jembe la mkono ni mke wake pamoja na watoto. Nimeziona familia za namna hiyo, baba akisifiwa kijijini kwa maksai wake waliofunzwa vizuri, na mama akiwa shambani tangu alfajiri mpaka jua la utosi, siku baada ya siku, kwa wiki nzima za palizi. Vifaa vya kupalilia vinavyokokotwa na ng'ombe vipo na vimekuwapo muda mrefu. Havinunuliwi kwa haraka ile ile iliyonunua plau, kwa kuwa anayeshika fedha za nyumba si yule anayeumwa mgongo.

Kwa cherehani nazungumza kwa upole zaidi, kwa sababu ni mtambo ninaoupenda. Jina lake linatokana na neno la Kiajemi la gurudumu, lile lile lililotupa cherehe ya kunolea visu na lililowapa Wahindi charkha yao ya kusokotea nyuzi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa na cherehani zipatazo 80 katika karakana moja ya Paris zikishona sare za jeshi, na mafundi wa kushona kwa mkono wakaivamia na kuziharibu mwaka 1831. Elias Howe alipata hataza Marekani mwaka 1846, kisha Isaac Singer mwaka 1851, na kampuni ya Singer ikaanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo, jambo lililoifikisha cherehani kwenye nyumba za watu wasio matajiri. Shati la mwanamume lililohitaji zaidi ya saa 14 za kushona kwa mkono lilikwisha kwa muda wa saa moja na robo hivi. Huo ulikuwa unafuu wa kweli. Lakini tazama baraza za miji yetu: kwa miongo mingi aliyekaa nyuma ya cherehani, mguu ukisukuma, futi ikining'inia shingoni, alikuwa mwanamume, naye aliitwa fundi. Mwanamke aliyeshona kwa sindano nyumbani hakuitwa fundi, hata pale mshono wake ulipokuwa bora. Kazi ilipopata mtambo ilipata na bei, ilipopata bei ikapata jina la heshima, na jina hilo likaenda kwa mtu mwingine. Nafurahi kwamba hili limebadilika sana, na leo wanawake wengi wanaendesha maisha yao kwa cherehani.

Hata hivyo, siandiki haya kwa sababu ya kuichukia mitambo. Takriban miaka 2,000 iliyopita mshairi wa Kigiriki, Antipatro wa Thesalonike, alitunga shairi la kuwaambia wajakazi wa kusaga waendelee kulala hata jogoo wakiwika, kwa kuwa sasa maji yalikuwa yakizungusha mawe kwa niaba yao. Inanigusa sana kwamba katika kulisifu gurudumu la maji, mtu huyo aliona usingizi wa mwanamke kuwa jambo la kusifiwa kwanza. Mama yangu mkubwa aliyekulia Handeni alinisimulia jinsi wasichana wawili walivyotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana mapigo ya michi, kisha wakapepeta kwa ungo, wakaloweka, wakaanika, na wengine wakasaga juu ya jiwe wakiwa wamepiga magoti, na jinsi viganja vilivyoota sugu. Mashine ya dizeli ya kusaga ilipofika kijiji cha jirani, walitembea na debe la mahindi kichwani kwenda na kurudi, wakapanga foleni, wakalipa. Nilimuuliza kama haikuwa taabu vilevile. Alinijibu kwamba kwenye foleni mtu unakaa, unazungumza na wenzako, na mikono imepumzika. Sijapata ushahidi wenye nguvu kuliko huo kuhusu thamani ya mtambo. Ni kweli kwamba fedha ya kusagia ilitoka kwenye mauzo yake madogo ya mboga na mayai, na kwamba mwenye mashine na mwendeshaji wake walikuwa wanaume. Lakini kwa hesabu yake yeye mwenyewe, alitoka na faida.

Sasa mbuzi nayo imefikiwa. Katika masoko mengi ya pwani utakuta meza yenye mota ya umeme na kichwa cha chuma chenye meno kinachozunguka kwa kasi. Kijana anaipasua nazi, anakikandamiza kizio kwenye meno, na kabla hujamaliza kutoa fedha mfukoni machicha yamekwisha kujaa kwenye mfuko. Ile iliyokuwa kazi ya bibi isiyo na malipo imekuwa ajira ya kijana huyo, na sioni ubaya wowote katika hilo. Mara ya kwanza nilipompelekea bibi machicha ya mashine, tayari magoti yake yalikuwa yamekataa kukaa kwenye kibao. Aliuliza bei, nikamwambia shilingi mia mbili kwa nazi moja. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huyo kijana anajua kuacha kabla ya kukifikia kifuu. Niliufungua mfuko tukatazama pamoja. Machicha yalikuwa na chembe za kahawia kila mahali.