Ushuru wa gari la rimoti unamlinda nani?

Desemba, mabasi yanapowashusha Moshi wanaorudi nyumbani kula Krismasi, ndio msimu wa magari ya rimoti. Kuelekea soko la Mbuyuni yanapangwa chini kwenye turubai: ya polisi yenye ving'ora, helikopta za kuchaji, treni zinazozunguka kwenye reli ya plastiki. Sehemu kubwa ya midoli ya aina hii duniani hutengenezwa China, na kitovu chake kimojawapo ni Chenghai, wilaya ya mji wa Shantou mkoani Guangdong. Kutoka huko hupanda meli, hupita Kariakoo kwa wenye maduka ya jumla, ndipo huja kaskazini.

Kila mwaka wazazi wanalalamika bei, na kila mwaka yupo anayejibu kwamba ushuru ni mzuri, unalinda mafundi wetu. Kwa desturi midoli iliyokamilika hutozwa asilimia 25, kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yako huku huku kaskazini, Arusha. Mdoli uliofika bandarini kwa thamani ya shilingi 10,000 unaongezewa 2,500 za ushuru, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 12,500. Umefika 14,750, na bado kuna tozo nyingine na faida za watu watatu. Tena thamani hiyo inajumlisha bima na nauli ya meli. Midoli ni myepesi lakini inakula nafasi kwenye kontena, kwa hiyo mfanyabiashara analipia ushuru hadi hewa iliyomo kwenye boksi.

Wanaoutetea ushuru wana hoja, na si ya kubezwa. Watoto wetu wanaunda magari ya waya yenye matairi ya malapa, usukani mrefu na hata springi. Mtoto wa namna hiyo akikua, akapata karakana, hawezi kushindana na kiwanda kinachotoa maelfu kwa siku kama mlango uko wazi kabisa. Na serikali inahitaji mapato. Bora itoze gari la kuchezea kuliko dawa.

Tatizo ni kwamba anayelindwa haonekani. Fundi wa waya anayeuza pale Maasai Market jijini Arusha anamuuzia mtalii, hagombei mteja na gari la rimoti. Mtoto anataka taa ziwake na gari lirudi nyuma. Na huyo kijana mwenye karakana, akitaka kuagiza bodi, chasisi na magurudumu ili aunganishe Moshi, anakutana na kanuni ya forodha: sehemu zilizotengenezwa mahususi kwa midoli huwekwa kundi moja na midoli yenyewe. Mota ndogo ya umeme ina kundi lake, lakini sehemu hizo mahususi zinatozwa kama gari zima. Mfumo wa Jumuiya ulipangwa malighafi iingie bure, bidhaa za kati zilipe asilimia 10, iliyokamilika ilipe zaidi. Kwenye midoli ngazi hiyo ya katikati haipo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hoja ya kumlinda fundi inapovunjika.

Sasa chukua bisibisi ufungue gari la bei ya chini. Mota moja, gia za plastiki nyeupe, sakiti ya kijani. Sehemu ya betri kwenye gari imefungwa kwa skrubu, lakini kifuniko cha rimoti kinafunguka kwa ukucha. Ndani yake zikiwa betri bapa za duara kama za saa, mtoto akimeza moja inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa mbili. Asilimia 25 haigusi jambo hilo hata kidogo. Pengine inalizidisha, maana ushuru ukiwa mkubwa mtu hushawishika kupunguza thamani kwenye karatasi au kupitisha mzigo njia ambayo Shirika la Viwango, TBS, haliko.

Marekani ilikuwa ikiingiza midoli bila ushuru wa kawaida kwa miaka mingi, hadi ulipokuja ushuru wa ziada wa 2025. Ukali wake ulikuwa kwenye vipimo vya usalama. Mwaka 2007 kampuni ya midoli ya Mattel iliondoa sokoni mamilioni ya midoli iliyotengenezwa China kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi na sumaku zinazochomoka, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya usalama wa bidhaa. Ulaya nayo inaruhusu bidhaa za Tanzania kuingia bila ushuru. Kijana wetu akitia mota na betri kwenye Land Cruiser ya waya, kizingiti chake huko kitakuwa maabara.

Gari zima likibaki asilimia 25, sina ugomvi mkubwa. Ninachotaka ni sehemu zishushwe hadi 10, na betri na rangi vikaguliwe kwa ukali zaidi. Wakala yeyote wa forodha atacheka hapa: kesho kila mtu ataleta gari zima limefunguliwa, aite vipuri. Kanuni inasema kitu kizima kilichofunguliwa kihesabiwe kizima, lakini nani atafungua maboksi yote bandarini? Ndiyo maana punguzo lenyewe litolewe kwa karakana zinazotambuliwa na SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, tu, kwa idadi iliyotajwa, na ofisa aende kuona magari yakiunganishwa.