Kabla Hujamcheka, Niambie "Lead" Ni Nini

Wiki iliyopita nilihudhuria semina ya usalama kazini, na mpaka leo roho haijatulia. Mwezeshaji alitoa kopo la rangi ya ukutani, akamwomba dada mmoja aliyekaa mbele atusomee maandishi ya ubavuni. Dada akalipokea, akaweka kidole chini ya maneno "lead free", akasoma polepole: "liidi frii". Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ledi, dada, ni ledi!" Dada akalirudisha kopo mezani, akaketi, na hakufungua mdomo tena mbele za watu.

Kilichoniuma zaidi kilikuja wakati wa chai. Nilimfuata yule aliyemsahihisha, nikamuuliza kwa nia njema: hiyo ledi ambayo kopo linasema haimo, ni kitu gani? Akafikiri, akasema labda ni aina ya harufu. Mwenzake akadakia kwamba ni dawa ya kung'arisha. Yaani matamshi wanayo, maana hawana. Na katika hivyo viwili, kinachomlinda mtoto nyumbani ni maana.

Ledi ni risasi, metali ileile nzito na laini, yenye rangi ya kijivu. Watu waliichanganya kwenye rangi ili ikauke upesi na idumu, wakaitia kwenye petroli ili injini isigonge. Ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inaharibu ubongo ungali unakua. Rangi ya zamani inabanduka ukutani, mtoto anaokota ganda, anatia mdomoni. Petroli ya risasi iliacha kuuzwa kwa ajili ya magari mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuifunga, lakini rangi yenye risasi bado inatengenezwa sehemu nyingi duniani. Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya kidole cha yule dada wakati watu wanacheka.

Tena dada hakukosea kwa uzembe. Alifuata alichofundishwa na macho yake. "Lead" tunayokutana nayo kila siku ni ile ya kuongoza, na hiyo hutamkwa liidi. Kamba ya kumfungia mbwa ni liidi, waya wa umeme ni liidi, fununu anayoifuata mpelelezi ni liidi, mwigizaji mkuu naye ni liidi. Maana zote hizo zinamwambia msomaji asome liidi, halafu inakuja moja tu, ya metali, inayotaka ledi, na haina alama yoyote ya kuitofautisha. Ukijaribu kuutafuta mwongozo kwenye neno la jirani unapotea zaidi: "read" ya leo ni riidi, "read" ya jana ni redi, herufi zilezile. Basi mtu angetegemea "lead" nayo ikienda wakati uliopita ibaki vilevile. Hapana, inaandikwa "led", na Waingereza wenyewe kila siku wanaiandika kimakosa kwa kuiongezea "a". Bendi ya Led Zeppelin, iliyoundwa London mwaka 1968, iliitoa hiyo "a" makusudi ili watu wasije wakasema liidi. Kama wenye lugha walihofia kusomwa vibaya na wenzao, sisi tunapata wapi ujasiri wa kumcheka mtu?

Historia yake ni kwamba maneno mengi ya "ea" zamani yalitamkwa kwa sauti ya kuvutwa. Karne zilivyopita mengine yakafupishwa sauti, kama "bread", "head", "dead" na hii "lead" ya metali. Mengine, kama "leaf" na "lead" ya kuongoza, yakabaki marefu. Tahajia haikujisumbua kuyafuata.

Na penseli? Ndani yake hamna risasi hata chembe, ni grafiti. Lakini Waingereza wanaiita "lead" mpaka leo, Waarabu wana qalam rasas, na sisi kamusi zetu zina kalamu ya risasi. Kosa moja limezunguka lugha tatu.

Nakubali kwamba matamshi yana kazi yake. Hata kwetu, "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kusema jambo limekaa sawasawa zinatofautiana kwa mkazo tu, na mgeni akikosea tunamrekebisha. Mrekebishe, sawa. Ila ukimpa mtu sauti, mpe na maana papo hapo, ndani ya sentensi, na kwa sauti ya chini kama mko mbele za watu. Usipoijua maana, nyamaza mkaitafute pamoja.

Semina ilipokwisha nilimkuta yule dada anakunja karatasi zake. Nikamweleza kuhusu risasi, rangi, na watoto. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na makopo ambayo hayajaandikwa hivyo, yenyewe yana nini ndani?" Siku nzima hakuna aliyekuwa ameuliza swali hilo. Mwezeshaji alikuwa bado anafunga mkoba wake, tukamfuata wote wawili.