Barabara ya Somanga na Nyaya za Baharini: Hoja ya Njia ya Pili

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilipata mitihani miwili mfululizo. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani karibu na Mafia, na mvua kubwa za siku hizo zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Jumapili ya tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika siku moja, intaneti ikadorora nchi nzima. Mitihani hiyo imeibua dai kwamba huduma muhimu ziwe na njia ya pili.

Wanaoitetea Serikali wana la kusema. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Hoja yao nzito zaidi ni ya fedha: yako maeneo ambayo hayajapata hata barabara moja inayopitika masika, na kuwajengea wengine ya pili ni jambo gumu kulieleza bungeni.

Hata hivyo, hoja hiyo huwafanya wanaodai njia mbadala waonekane kama wanaotaka anasa, na hapo ndipo wanapoonewa. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi kwa barabara ya pwani ni takriban kilomita 460. Barabara hiyo ikikatika, njia ya lami inayobaki ni kuzunguka Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, mwendo unaozidi kilomita 1,500. Umbali huo ni zaidi ya mara tatu, na nani atalipa tofauti hiyo ya mafuta kama si mnunuzi wa unga na saruji kule Lindi? Mgonjwa wa Lindi aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, naye hawezi kuambiwa apitie Songea. Ramani inaonyesha njia mbili, lakini kwa mtu huyu iliyopo ni moja tu.

Kwenye mawasiliano kasoro ni ileile, ila imejificha zaidi. Nyaya zilikuwa zaidi ya moja, na kwa hesabu ya uwezo wa kubeba data nchi ilionekana imejiandaa, lakini EASSy na Seacom zinapita bahari moja kuelekea Afrika Kusini. Isitoshe, Februari mwaka huohuo nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, ikiwemo ya Seacom, zilikuwa zimekatika, kwa hiyo upande wa kaskazini nao ulikuwa na upungufu. Meli ya ukarabati, Léon Thévenin, ilibidi itoke Cape Town.

Tumejizatiti zaidi kusitisha huduma kuliko kuziendeleza. Kusitisha huokoa maisha, na kazi hiyo ilifanywa vizuri. Kuziendeleza si lazima kuanze na barabara mpya ya mabilioni. Madaraja ya chuma ya dharura yanaweza kuwekwa Kilwa kabla ya masika, na mifumo ya hospitali, benki na ushuru ikiwa na seva ndani ya nchi inaweza kuendelea kupitia Mkongo wa Taifa, yaani mtandao wa nyaya za mawasiliano wa nchi kavu, hata nyaya za baharini zikikatika. Leseni za watoa huduma nazo zidai njia zinazopita bahari tofauti, badala ya kuhesabu nyaya peke yake.