Kukubali Matokeo Si Kuyaamini: Mpigakura wa Kenya Baada ya Rais Kutangazwa

Jioni ya Jumatatu, Agosti 15, 2022, nilikuwa katika kibanda kimoja cha chai jijini Nairobi, macho ya watu wote yakiwa kwenye televisheni ndogo iliyowekwa juu ya kabati la maandazi. Ukumbi wa Bomas, kituo cha kitaifa cha kujumlisha kura za urais, ulikuwa umejaa tangu mchana na kwaya zilikuwa zimeimba mpaka zikachoka. Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, hayati Wafula Chebukati, alikuwa akingojewa tangu saa tisa, na sasa ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili. Muda mfupi kabla hajasimama, makamishna wanne kati ya saba wa tume hiyo walikuwa wamewaambia wanahabari hotelini kwamba hawangeweza kuyatetea matokeo yaliyokuwa yakisubiriwa, na jukwaani Bomas vurugu zilikuwa zimezuka. Hatimaye zikasomwa takwimu: William Ruto kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, naye Raila Odinga kura 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Upande mmoja wa kibanda ulilipuka kwa shangwe. Upande wa pili wanaume watatu walilipa chai, mmoja akiwa hajaimaliza, wakatoka bila kuaga. Mama aliyekuwa akiuza sukumawiki pale nje alikuwa ameshafunga gunia lake na kuondoka hata kabla ya jina la mshindi kutajwa.

Uchaguzi wa urais unapochambuliwa, wanaozungumziwa sana ni wagombea, mawakili na majaji. Mimi nataka kubaki na watu wa kibandani, kwa sababu wao ndio huamua, kwa mwenendo wao wa siku zinazofuata, kama nchi italala salama na kama uchaguzi ujao utakuwa na maana. Mpigakura wa kawaida anapaswa kuyapokeaje matokeo ambayo moyo wake unayakataa? Nchini Kenya majibu yanayosikika sana ni mawili. Wengine husema kubali yaishe. Wengine husema hakuna amani pasipo haki, kwa hiyo usikubali mpaka ukweli ujulikane. Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili kwa miaka mingi, na naona kila upande unaitetea hoja nzito huku ukiusahau udhaifu wake. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba pande zote mbili huchanganya kukubali matokeo na kuyaamini, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuanze na wanaosema kubali yaishe. Ni rahisi kuwadharau kwamba wamekata tamaa au wamenunuliwa, lakini wengi wao wanazungumza kutokana na kumbukumbu. Desemba 30, 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo katika Ikulu ya Nairobi. Wiki zilizofuata ziliacha watu 1,133 wakiwa wamekufa, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, na wengine zaidi ya 600,000 wakiwa wamefurushwa makwao. Waliochomewa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, hawakuwa wamegombea kiti chochote, na wengi wa waliolala kambini kwa miezi, wengine kwa miaka, walikuwa wakulima na wachuuzi. Aliyeyaona hayo akisema bora mtu wake ashindwe kuliko jirani achomewe nyumba, sioni ni nani kati yetu anayeweza kumwita mwoga. Yule mama wa sukumawiki alijua kwamba ghasia zikizuka, mboga zitakazooza ni zake, na hakuna chama kitakachomfidia.

Hata hivyo, fundisho la 2007 halisomwi vizuri. Mara nyingi husemwa kwamba watu walikufa kwa sababu walikataa matokeo. Mimi naamini kilichoua ni kwamba walioyakataa hawakuwa na pahali walipopaamini pa kuyapeleka malalamiko yao. Chama cha ODM cha Raila Odinga, aliyetangazwa kushindwa na Kibaki, kilikataa kwenda mahakamani kwa hoja kwamba mahakama zilikuwa mikononi mwa waliokuwa wakilalamikiwa, na wananchi wengi waliiona hoja hiyo kuwa ya kweli. Siku chache baadaye Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aliyeyasoma matokeo kwa kinywa chake, alikiri kwamba hakujua kama Kibaki alishinda. Tume ya Kriegler, iliyoundwa kuchunguza uchaguzi huo, nayo ilihitimisha kwamba dosari zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Kwa hiyo mwananchi aliyeambiwa akubali yaishe alikuwa akiambiwa ameze kitu ambacho mwenyekiti wa tume mwenyewe kilimkwama kooni.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata nguvu. Katiba ya 2010 iliwapa Wakenya kile ambacho 2007 hakikuwepo: siku 7 za kuwasilisha kesi ya kupinga matokeo ya urais katika Mahakama ya Juu, na siku 14 za kuisikiliza na kuiamua. Mwaka 2013 mahakama hiyo iliyaidhinisha matokeo na walioshindwa wakarudi nyumbani kwa uchungu. Mwaka 2017 mambo yakawa mengine. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi Agosti 11, waangalizi wengi wa kimataifa walikuwa wamekwisha kuusifu uchaguzi, na kila aliyeuliza swali aliambiwa anaharibu amani. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi huo. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba tume ilimtangaza mshindi kabla haijapokea fomu zote za vituo, na kwamba ilishindwa kutekeleza kikamilifu amri ya mahakama ya kufungua mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe. Wakenya wote wangekuwa wamekubali yaishe Agosti 11, hayo yasingejulikana. Wamalawi nao, ambao mahakama yao ilibatilisha Februari 2020 uchaguzi wa urais wa mwaka uliotangulia, wanajua kwamba kuuliza kwa ukaidi, tena kwa miezi, kunaweza kuzaa uchaguzi ulio safi zaidi.

Lakini upande huu nao una maradhi yake, na nitayasema bila kuyapaka sukari. Kuna watu wengi ambao kwao neno haki lina maana moja tu, nayo ni mtu wangu ashinde. Mwaka 2022 mahakama ilipokea malalamiko, ikaagiza mitambo ikaguliwe, kura za vituo kadhaa zikahesabiwa upya, na fomu zilizofikishwa Bomas zikalinganishwa na zile zilizokuwa katika tovuti ya tume bila kupatikana tofauti za maana. Makamishna wanne waliojitenga na matokeo hawakuwapa majaji hati za kuthibitisha kwamba kura zilichezewa. Septemba 5 majaji wote saba waliafikiana kuidhinisha matokeo. Nimewauliza baadhi ya waliopinga ni ushahidi upi ungewaridhisha, na mara nyingi sikupata jibu. Nao waliokuwa wakishangilia 2022 wasijione wasafi. Mwaka 2017, siku ile ile uchaguzi ulipobatilishwa, Uhuru Kenyatta alisema anaheshimu uamuzi, kisha katika soko la Burma jijini Nairobi akawaita majaji wakora, na umati ukamshangilia. Wengi katika umati ule walikuwa wamewaambia wenzao kwa wiki tatu kwamba asiyeridhika aende mahakamani.

Kipimo ninachokiamini ni kigumu lakini ni cha haki: je, ushahidi huu huu ungenitosha kama aliyeshinda angekuwa mwingine? Anayejibu ndiyo kwa dhati ana haki ya kushangilia, na pia ana haki ya kupinga. Tatizo ni kwamba wengi wetu huamua kwanza kwa jina la mgombea na eneo tulikotoka, kisha tunatafuta ushahidi wa kuufuata uamuzi huo.

Kuna kitu kimoja ambacho pande zote mbili hukipuuza, na ndicho ningependa tukitazame kwa karibu. Ni ile karatasi iitwayo fomu 34A. Usiku wa kuhesabu kura, ndani ya darasa, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani, msimamizi wa kituo huinua kura moja moja mbele ya mawakala, akataja jina la aliyechaguliwa na kuionyesha karatasi pande zote. Wakala anayetilia shaka alama humwambia airudishe kwenye mwanga. Mwishoni hujazwa fomu: walioandikishwa, kura halali, zilizokataliwa, na kura za kila mgombea. Mawakala huweka sahihi, picha yake hutumwa moja kwa moja kwa mitambo ya tume, na nakala hubandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Mwaka 2022 vilikuwepo vituo 46,229, kila kimoja kikiwa na wapigakura wasiozidi 700, na ndani ya siku chache karibu fomu zote zilikuwa katika tovuti ya tume zikisubiri yeyote mwenye simu azisome. Asubuhi iliyofuata usiku wa kuhesabu kura nilikwenda katika kituo nilichopigia kura, nikaipiga picha fomu ya mlangoni, kisha nikailinganisha na ile ya tovuti, mstari kwa mstari. Zilifanana hadi kwenye mwandiko wa namba 7 uliokatwa katikati. Kazi hiyo haikunichukua hata dakika kumi.

Simaanishi kwamba mtu mmoja anaweza kuuhakiki uchaguzi mzima. Fomu zaidi ya 46,000 zinahitaji watu wengi na subira nyingi, na hata vyombo vya habari vilivyojaribu kuzijumlisha mwaka huo vilitoa takwimu zilizokinzana, kisha baadhi vikapunguza kasi au kuacha bila kueleza vya kutosha, jambo lililozidisha wasiwasi wakati ambapo utulivu ulihitajika. Fomu pia haisemi kila kitu. Haisemi nani alihongwa usiku wa kuamkia uchaguzi, nani alitishwa asijitokeze, wala kama daftari la wapigakura lina majina ya marehemu. Mtu anaweza kuzikubali namba zote na bado akasema uchaguzi haukuwa wa haki, na akawa hajajipinga. Lakini anayesema namba zimebadilishwa anadaiwa kuonyesha wapi, kwa sababu karatasi ipo. Naye anayesema namba ni sahihi anadaiwa kuwaacha wengine wazikague bila kuwaita wachochezi.

Kwa sababu hiyo nasisitiza tofauti kati ya kukubali na kuamini. Sheria inaweza kumtaka mwananchi akubali, yaani atii uamuzi wa mahakama, alipe kodi kwa serikali iliyoapishwa na asimguse jirani yake. Haiwezi kumtaka aamini. Imani hujengwa na mwenendo wa wanaosimamia kura, na ikibomoka hakuna hotuba inayoirudisha. Serikali inapoudhihaki uchungu wa walioshindwa, ikadhani kimya chao ni ridhaa, uchungu huo hutafuta mlango mwingine wa kutokea. Machi 2023, miezi sita baada ya uamuzi wa mahakama, maelfu waliingia barabarani kwa wito wa hayati Raila Odinga, wakidai gharama ya maisha ishushwe na pia kompyuta za tume zifunguliwe. Nilipinga dai hilo la pili, kwa sababu mahakama ilikuwa imelisikiliza na kuliamua. Lakini watu walipoteza maisha katika maandamano yale, na hakuna hoja ya kisheria inayoweza kulifanya hilo kuwa jambo dogo.

Wapo pia wengine ambao kwa kawaida hatuwahesabu. Kati ya Wakenya 22,120,458 walioandikishwa mwaka 2022, zaidi ya milioni 7.5 hawakupiga kura. Hao ni wengi kuliko waliomchagua mshindi. Wapo waliokuwa wagonjwa au safarini, lakini najua wengine, hasa vijana, ambao walikuwa wamekwisha kuamua kwamba matokeo yatakuwa yale yale hata wakipanga foleni. Marudio ya Oktoba 2017 yalikwisha kutuonyesha dalili: Odinga alijiondoa, chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa ndio waliojitokeza, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori upigaji kura haukufanyika. Kutojitokeza nako ni namna ya kuyapokea matokeo, isipokuwa hupokelewa kabla hayajatangazwa. Kwangu hiyo ndiyo hatari iliyo kubwa kuliko ugomvi wa kubali yaishe na haki kwanza, kwa kuwa wagomvi hao wawili bado wanaamini kwamba kura ina thamani ya kugombaniwa.

Tukielekea Agosti 2027, hali haitoi matumaini mengi. Tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na wapya wameanza kazi huku wakitazamwa kwa jicho la mashaka na wanasiasa wa pande zote. Hata hivyo fomu 34A ipo, na sheria ya kuibandika mlangoni ipo. Asubuhi ile ya 2022, nilipokuwa nikiipiga picha ile fomu, mlinzi wa shule alinisogelea na kuniuliza ninaandikia gazeti gani. Nilimjibu kwamba nilipigia kura pale. Akaniambia kwamba tangu kupambazuke mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pili kuja kuisoma.