Tarehe 7 Julai ni ya nani?

Karibu kila redio ina kile kipindi cha asubuhi ambacho mtangazaji huchukua dakika mbili kusoma orodha: leo ni siku ya kitu fulani duniani, na siku kama ya leo mwaka fulani lilitokea hili na lile. Wapo wanaoongeza sauti. Wapo pia wanaoguna, na siku hizi wamekuwa wengi, maana orodha imerefuka mno. Siku ya nyuki, siku ya viazi, siku ya jodari, siku ya choo, siku ya punda, siku ya chokoleti. Wanasema kalenda imekuwa gulio, kila mwenye bidhaa anatandika mkeka wake popote penye nafasi, na mambo mazito yanakosa pa kukaa. Malalamiko hayo si ya kipuuzi, ila nadhani yanamlenga mtu asiye na kosa.

Nichukue tarehe moja tu, 7 Julai, kwa sababu ndiyo inayowapa walalamikaji silaha nyingi kuliko zote.

Tanzania ni siku ya mapumziko. Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe hiyo mwaka 1954. Chama chenyewe kiliungana na ASP ya Zanzibar Februari 1977 ikapatikana CCM, lakini Sabasaba, jina la siku hiyo, haikuzikwa pamoja nacho. Mtajie kijana wa Temeke jina hilo leo, hawazi kadi ya chama. Anawaza viwanja vya maonesho Barabara ya Kilwa, msongamano wa daladala, ndoo na masufuria ya bei ya punguzo, asali ya Tabora, na sauti ya kipaza ikitangaza mtoto wa fulana nyekundu aliyepotezana na mama yake.

Vuka mpaka uende Nairobi, maneno ni yale yale lakini nyuso zinabadilika. Saba Saba ya huko ni uwanja wa Kamukunji, 1990. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano wa kudai vyama vingi, wakakamatwa siku tatu kabla, na watu wakajitokeza hata hivyo. Polisi wakapiga risasi, ghasia zikasambaa mijini, watu wakafa. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kikafutwa. London nao wana 7 Julai yao ya 2005, mabomu kwenye treni za chini ya ardhi na kwenye basi, abiria 52 wakauawa. Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuikumbuka ile ile 1954 ambapo TANU ya Nyerere ilikifanya Kiswahili chombo cha kudai uhuru.

Na juu ya yote hayo, 7 Julai ni Siku ya Chokoleti Duniani.

Hii ya mwisho haina azimio la mkutano wowote. Husimuliwa kwamba chokoleti iliingia Ulaya siku hiyo mwaka 1550, na husimuliwa bila hati. Inarudi kila mwaka kwa sababu wenye maduka wanaipenda na watu wanapenda chokoleti. Mlalamikaji anauliza, na ana haki ya kuuliza: lugha yenye wasemaji zaidi ya milioni 200, damu ya Kamukunji na marehemu wa London, vyote vigawane dakika mbili na peremende?

Swali hilo lina uzito kuliko watetezi wa siku hizi wanavyokubali. Anayelijibu kwa kusema "ni utani tu" hajamsikia muulizaji. Tarehe 7 Julai 2025 Wakenya waliandamana kuadhimisha Saba Saba, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikahesabu vifo zaidi ya 30. Siku inayofuata saa moja asubuhi, mtangazaji akiamka na orodha yake ya vichekesho kana kwamba jana haikuwepo, msikilizaji wa Nairobi ana haki ya kuzima redio. Kipimo cha namna hiyo hakimo kwenye orodha. Kinatakiwa kiwe kichwani mwa anayeisoma.

Mlalamikaji ana hoja ya pili, kwamba tarehe si historia. Kupangana kwa matukio kwenye namba moja hakuelezi chochote. TANU, Matiba na mabomu ya London havihusiani kwa sababu yoyote ila kalenda. Mwanafunzi anayejua kwamba 2A ilifutwa Desemba 1991 bila kujua nini kilikuwa kimetokea Ulaya Mashariki, makanisani na kwa wafadhili katika miaka miwili iliyotangulia, amepata vipande bila uzi. Hilo nalikubali bila masharti.

Lakini hebu tuangalie upande wa siku za vichekesho, ambao kwa kawaida hauna wakili.

Mwaka 2001 mfanyabiashara wa Singapore, Jack Sim, aliunda taasisi ya kuhimiza vyoo na kuipa jina ambalo herufi zake za mwanzo kwa Kiingereza zinafanana na za Shirika la Biashara Duniani. Alikusudia. Alitaka watu wacheke kwanza. Siku taasisi hiyo ilipoanzishwa, 19 Novemba, ikawa Siku ya Choo Duniani, na kwa miaka kumi na kitu waheshimiwa waliichukulia kama mzaha. Mwaka 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipitisha rasmi, kwa pendekezo la Singapore. Nyuma ya mzaha ule kulikuwa na takwimu ambazo hakuna mwanasiasa aliyetamani kuzisoma jukwaani. Kwa hesabu za WHO na UNICEF za mwaka 2022, watu bilioni 3.5 walikuwa hawana huduma ya choo iliyo salama mpaka mwisho wa bomba au shimo, na milioni 419 walikuwa bado wanajisaidia vichakani na ufukweni.

Milioni 419. Hao ni watu wa kaya ambamo mama hungoja giza ndipo aende porini na binti yake. Mambo haya yalijulikana miaka yote, ila hayakuwa na tarehe ya kutajwa kwa sababu yanatia aibu, na aibu haikai kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Kichekesho ndicho kilichofungua mlango. Hata Tanzania, kampeni ya taifa iliyoanza 2017 haikuitwa kwa jina la kitaalamu la usafi wa mazingira. Iliitwa Nyumba ni Choo, na watu waliielewa tangu siku ya kwanza kwa sababu inatania kidogo: unajivunia bati jipya na marumaru, haya, tuonyeshe choo.

Siku ya nyuki ilisukumwa na Slovenia, ya viazi ikasukumwa na Peru. Kila moja ina wenyewe na maslahi yao, na sioni ubaya. Siku ambayo mwenyewe anajulikana ni rahisi kuihoji kuliko ile inayojifanya imeshuka kutoka mbinguni.

Sasa turudi kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa. Wengi waliipuuza Siku ya Kiswahili ilipotangazwa. Walisema itakuwa makongamano, fulana na ngonjera, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo. Sherehe za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimezunguka Kampala 2023, Mombasa 2024, Kigali 2025, ukumbi hadi ukumbi. Hata hivyo tazama kilichotokea Uganda.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoamua kwa sheria. Kikawekwa kabatini. Sababu zinajulikana, hasa kumbukumbu ya Kiswahili kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya wakaagiza Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa vitumike kama lugha rasmi za Jumuiya. Mwaka mzima ukapita na zaidi. Halafu Julai 2022, wiki ile ile ambayo Siku ya Kiswahili ilikuwa inaadhimishwa kwa mara ya kwanza, baraza la mawaziri la Uganda likaridhia agizo hilo na kuelekeza Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa, msingi na sekondari.

Siwezi kuapa kwamba tarehe ndiyo iliyowasukuma. Umoja wa Afrika ulikuwa umekipokea Kiswahili kama lugha ya kazi Februari ya mwaka huo huo, na agizo la wakuu wa nchi lilikuwepo mezani tayari. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua faili hutembea lini: hutembea pale bosi anapokaribia kusimama mbele ya watu siku fulani na kuulizwa umefanya nini. Miaka 17 tangu katiba irekebishwe, jambo lilikuwa halina siku ya kuulizwa. Lilipopata siku, likasogea. Mpinzani wangu atasema walimu hawazaliwi na tarehe, na ni kweli. Somo la lazima bila walimu ni karatasi. Lakini karatasi hiyo sasa ina tarehe ya kurudi kuulizwa kila mwaka, na miaka 17 ile haikuwa nayo hata hiyo.

Wengine hudhani dawa ni serikali kudhibiti kalenda, ziachwe siku zenye muhuri tu. Kwa hao nina mfano mmoja, 10 Oktoba ya Kenya. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba mpya ya 2010 haikuitaja, mahakama ikaamua mwaka 2017 kwamba kisheria bado ipo. Baada ya hapo ikaitwa Siku ya Huduma, ikaitwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikaitwa Siku ya Mazingira. Muhuri upo, gazeti la serikali lipo, na mtu wa kawaida anachokijua ni kwamba hakuna shule. Saba Saba ya Kenya haijawahi kuwa sikukuu ya kisheria hata siku moja. Hakuna wizara iliyoipanga, na zaidi ya miaka 30 baadaye vijana ambao hawakuwa wamezaliwa 1990 waliingia barabarani kwa jina lake.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka orodha ifupishwe. Siku haipimwi kwa uzito wa aliyeitangaza. Inapimwa kwa kama kuna kitu mtu wa kawaida anaweza kukifanya siku hiyo. Siku ya Wajinga, 1 Aprili, imedumu bila katibu mkuu, kwa sababu kila mtu anajua kazi yake: mdanganye jirani kabla ya adhuhuri. Siku ya Chokoleti inakuomba ule chokoleti. Siku ya Choo inakuomba uzungumzie choo bila kuona haya. Siku ya Kiswahili inakuomba nini? Kwa sasa inakuomba ukae ukumbini na kupiga makofi.

Hata chokoleti yenyewe, ukiiuliza vizuri, ina la kusema huku kwetu. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, lakini Kyela ya Tanzania nayo ipo, na Bundibugyo ya Uganda, na mashariki mwa Kongo. Mkulima wa Kyela hupasua ganda, hufunika punje zenye utelezi kwa majani ya migomba zichachuke siku kadhaa, huzigeuza, huzianika, kisha huzipeleka chama cha msingi zisubiri mnada. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo wakulima wa kakao hawakuwa wamewahi kuliona. Mtangazaji anayesoma "leo ni Siku ya Chokoleti" na kuruka kwenda kwenye muziki amepoteza nafasi. Angepiga simu Kyela, dakika zile zile mbili, kipindi kingekuwa cha uchumi, na kwa Kiswahili, tarehe 7 Julai. Lawama ninazoziona ni za uvivu wa kuishia kwenye kichwa cha habari, na huo tunao hata kwenye siku zenye muhuri.

Hata ile hoja ya vipande bila uzi naona ina tundu moja. Maneno "Saba Saba" yanayoleta ndoo za punguzo upande mmoja wa mpaka na mabomu ya machozi upande wa pili ni swali ambalo mtoto wa darasa la sita anaweza kuliuliza mwenyewe. Akiuliza, mwalimu amepata pa kuanzia. Silabasi nyingi hazimpi hata hapo.

Kwa hiyo ningependa Siku ya Kiswahili ijifunze kwa chokoleti, ipunguze makongamano na iwe na kazi moja ndogo inayoeleweka. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini mtu anayekopa benki kununua bodaboda bado anaweza kupewa mkataba wa kurasa nyingi wa Kiingereza, aoneshwe kwa kidole pa kuweka sahihi, ajue maana ya kifungu cha riba siku pikipiki inapochukuliwa. Kwa kuanzia, 7 Julai ijayo kila mteja aende kaunta, aombe mkataba wake kwa Kiswahili, na asiondoke mpaka ajibiwe. Ikiwa 7 Julai benki zimefungwa kwa Sabasaba, aende kesho yake.