Likizo ya Aprili: tuwape watoto mvua na udongo

Shule zikifungwa Aprili, wazazi wa hapa Kisumu huulizana swali lile lile: watoto tutawashughulisha na nini? Masika yameshika, uwanja ni matope, na kufikia saa nne asubuhi runinga inanguruma. Wengi hutafuta mawazo mtandaoni na kukutana na shughuli za majira ya kuchipua za Uingereza na Marekani: sungura wa karatasi, mayai ya kupaka rangi, maua yanayochomoza theluji ikiyeyuka. Mwisho mzazi anajikuta dukani akinunua kadibodi za rangi na gundi ya bei. Mimi nasema pesa hizo tuziache mfukoni. Masika yetu yana mengi ya mtoto kushika, na karibu yote yako nje ya mlango.

Anza na udongo. Usichukue wowote tu. Tafuta ule laini wa kando ya mto au wa shimo lililochimbwa juzi. Mtoto atoe vijiwe na mizizi, aukande, kisha asokote kamba yenye unene wa kidole na kuizungusha kwenye kidole chake. Ikipasukapasuka, mchanga ni mwingi. Ikikunjika bila kukatika, kazi ianze: ng'ombe, vyungu, bodaboda na abiria wake. Vikaushwe kivulini, hata chini ya meza, tena polepole. Vikianikwa juani, nje hukauka kabla ya ndani, na ng'ombe wote hukatika pembe.

Udongo huo huo ni rangi. Pika unga wa ngano kidogo na maji mpaka upate gundi nyepesi, kisha changanya na udongo uliochekechwa. Mweusi tunao hapa uwanda wa Kano, mwekundu unapatikana ukipanda kuelekea Maseno, manjano ya jikoni na mkaa uliosagwa vinajazia. Karatasi ni upande wa pili wa kalenda ya mwaka jana.

Hapa nina neno kwa wazazi wenzangu. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019, kazi za mikono zimekuwa nyingi, na usiku wa kuamkia siku ya kuzipeleka shuleni ni mama anayekata na baba anayebandika. Kinachofika darasani kinapendeza, lakini mtoto alikuwa amelala. Likizo haina alama. Chungu kikienda upande, kibaki hivyo hivyo, na ukae karibu naye bila kumnyang'anya.

Mpira nao haununuliwi. Kizazi chetu kilifunga mipira kwa mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na sioni tulichopoteza. Mafundi cherehani hutupa vipande vya vitambaa kila siku. Omba mfuko mmoja. Vishindiliwe ndani ya soksi kuukuu, soksi ipotolewe na kugeuzwa juu ya mpira mara kadhaa, halafu uzi ufungwe kwa mafundo ya wavu. Mafundo hayo yanahitaji vidole vyenye subira, na mtoto wa darasa la nne anayaweza.

Jioni baada ya mvua, kumbikumbi wakianza kutoka, tafadhali usizime taa na kufunga mlango. Weka beseni la maji chini ya taa ya nje na uwaite watoto. Waangalie mbawa zinavyodondoka, na jinsi dume linavyomfuata jike sakafuni, nyuma kwa nyuma. Wawili hao wakifanikiwa kuchimba ardhini, ndio wanaoanzisha kichuguu kipya. Mbawa zikusanywe: zikibandikwa kwenye karatasi hufanya majani mazuri ya mti, au magamba ya samaki. Waliobaki wakaangwe kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, wakaushwe, halafu watoto wapepete wenyewe. Kama nyanya yao yupo, mwachieni yeye sufuria.

Lakini shughuli ninayoipenda kuliko zote ni kipimamvua. Tafuta chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Kata kichwa pale inapoanza kubana, kigeuze kiingie ndani kama mrija wa kukingia maji. Weka vijiwe chini, mimina maji mpaka yavifunike, na hapo piga mstari wa sifuri. Kuanzia mstari huo, bandika ukanda wa karatasi wenye alama za milimita. Iwekwe mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na isomwe saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayosoma watu wa idara ya hali ya hewa. Baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye sifuri, na kila baada ya siku mbili tatu yabadilishwe yote, maana mbu wa huku hawangoji kualikwa.

Sasa hesabu ndipo inaponoga. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 30 likinyeshewa milimita 20, zimeshuka lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Mtoto aliyewahi kutumwa maji bombani akiliona jibu hilo kwenye daftari lake, ataangalia mfereji wa bati kwa jicho jingine, na huenda akakudai tangi.

Radi zikianza kunguruma, kila mtu ndani. Mvua za alasiri za ukanda huu wa ziwa huja na radi kali, na chupa itajipimia yenyewe. Na kama una ndugu Kakamega, watoto wake nao waweke chupa yao. Kwa mwaka kule hunyesha zaidi kuliko huku, lakini kwa siku moja moja lolote laweza kutokea, kwa hiyo wapigiane simu kila asubuhi wasomeane namba.