Mtandao Upo, Ila Haufunguki

Kirusi wa kompyuta mimi hajawahi kunikosea. Wallahi. Tangu nifungue hii steshenari hapa Mbagala, hajaja kirusi akanifungia duka. Walionifungia duka ni wanaonilinda.

Hebu fikiria. Asubuhi na mapema foleni imeshafika kwa muuza chapati. Kuna dada wa maombi ya ajira, mwisho wa kutuma ni leo leo. Kuna mzee anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Kuna wanafunzi wa chuo wenye kazi za kuprinti, hao wanafika wameshakasirika tayari, sijui nani huwa anawaudhi njiani. Nawasha kompyuta, nakuta kile kidunia cha kona ya chini kimepigwa alama ya kukataza. Intaneti hakuna. Nachungulia simu yangu, waifai ni ileile, ruta ileile, bando lilelile nililoliunga kwa jasho langu, na video za kikundi cha ukoo zinashuka mfululizo, tena zile za salamu za asubuhi zenye maua. Sasa huu mtandao unabagua?

Napiga simu huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikapigiwa wimbo mpaka nikaushika maneno. Akaja binti mpole, mpole kabisa, huwezi hata kumgombeza. "Mpendwa mteja, umejaribu kuzima ruta na kuiwasha tena?" Nimejaribu dada. "Jaribu tena." Nikajaribu. "Basi kwa upande wetu mtandao uko vizuri." Haya, hongereni huko upande wenu.

Hapo foleni nayo imegeuka kamati ya ufundi. Mmoja anasema ni waya. Mwingine anasema badilisha DNS; ukimuuliza DNS ndiyo nini, anasema shemeji yake huwa anabadilisha. Mzee wa cheti yeye akashauri nichomoe kila kitu nipulize.

Ndipo mpwa wangu, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye mashine ya kopi, akakohoa. "Mjomba, ulipokwenda msibani wiki iliyopita nilikuongezea antivairasi nyingine. Ya bure. Nikaona ulinzi mdogo."

Ulinzi mdogo! Kompyuta ilikuwa na antivairasi ya kulipia, ya leseni ya mwaka mzima, nimeinunua dukani na kiboksi chake. Na hata bila hiyo, Windows tangu ile ya 8 iliyotoka mwaka 2012 inakuja na ya kwake humohumo ndani. Tena hiyo ya Windows ndiyo yenye adabu: ikiona ya nje imesajiliwa, inakaa pembeni bila kelele. Vurugu zinaanza za nje zikiwa mbili, maana kila moja inataka kuwa bosi.

Nikamwita fundi. Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika ping 8.8.8.8, yaani kubisha hodi kwenye kompyuta ya mbali, ile ya Google, majibu yakarudi moja baada ya jingine. Akajifuta mikono kama daktari.

"Mtandao upo."

"Upo wapi?"

"Upo. Ila haufunguki."

Nikamwangalia. Hapo nilikuwa nimeshamwagizia na soda.

Akaiwasha upya kompyuta kwa sefumodi, ile yenye mtandao, hali inayopandisha Windows na vitu vichache tu vya lazima, antivairasi za nje zikiachwa nje. Kurasa zikafunguka zote! Foleni ikapiga makofi. Yaani kompyuta ikishafukuza walinzi wote, ndipo yenyewe inajihesabu iko salama. Na fundi akasema ndipo alipomshika mwizi: kama kwenye sefumodi intaneti inakubali, basi kifaa cha waifai ni kizima, ruta ni nzima, mchawi yuko ndani ya programu.

Akanieleza, na hapo nilimwelewa. Antivairasi nyingi za nje zina faiawoli yake, yaani geti la kuchuja kinachoingia na kutoka, na mtu wake wa kukagua kurasa kabla hazijaingia. Zikiwa mbili, ni daladala yenye makonda wawili. Umempa nauli wa mlangoni, wa nyuma anakuja anakuambia hakutambui, lipa au shuka. Unabishana, gari linasimama, hakuna anayefika. Ile ping ilipita kwa sababu wao walikuwa wameng'ang'ania kurasa tu.

Basi iondoe ya mpwa. Ah! Ukibonyeza kuiondoa inakuwekea kitufe kikubwa cha kijani, "Endelea Kulindwa", na chini yake kimaandishi cha kijivu, kidogo, cha kusoma kwa miwani, ambacho ndicho unachokitaka. Ukikipata, inakuuliza kwa nini unaondoka. Imekukosea nini. Mke wangu mwenyewe hajawahi kunihoji hivyo.

Ikaondoka. Kurasa bado hazifunguki. Fundi akasema ni kawaida, hizi huwa zinaacha mabaki huko chini kabisa, draiva, yaani vijiprogramu vya chinichini, zinaendelea kushika mlango wakati mwenye nyumba ameshahama. Kampuni zinalijua hilo, ndiyo maana nyingi zina kiprogramu chao maalumu cha kusafisha mabaki.

"Kinapatikana wapi?"

"Kwenye intaneti."

Ndugu zangu, nilikaa chini.

Tukakipakua kwa simu, tukakihamisha kwa waya wa chaji. Kilipogusa tu kompyuta, antivairasi yangu ya kulipia, ile ambayo wiki nzima imeshindwa kumtoa mgeni, ikaamka ikakikamata na kukiweka kizuizini. Kitu cha hatari! Aliyekuja kuisaidia! Ikabidi kuinyamazisha kwanza, kusafisha, kuandika netsh winsock reset, amri ya kurudisha mipangilio ya mtandao ya Windows kama mwanzo, kwenye lile dirisha jeusi, kuwasha upya. Bado kidogo. Fundi akaingia kwenye mipangilio ya proksi, yule mtu wa kati anayepitishiwa kurasa, akakuta yule mgeni wakati anaondoka aliacha 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, maana yake kompyuta ilikuwa inajiomba ruhusa yenyewe. Akaifuta.

Kidunia kikaondoka kwenye kona. Muuza chapati mwenyewe alikuja kushuhudia.

Nikamkalisha dada wa ajira. Tukajaza jina, elimu, wadhamini, tukaambatisha cheti kimoja baada ya kingine. Wakati huo mimi sijui kwamba huko nyuma Windows imekumbuka masasisho yake yote iliyokosa, na antivairasi nayo imekumbuka ya kwake, na zote zinavuta kwa pamoja bila hata kuniuliza. Dada akabonyeza kutuma. Kimduara kikazunguka. Kikazunguka. Simu yangu ikalia mezani, nikaona ujumbe: mpendwa mteja, kifurushi chako kimekwisha.

"Kaka, imeenda?" dada akauliza.

Mpwa akanyoosha mkono kwenye droo ya hela kabla sijamjibu. "Mjomba, niunge bando la siku au la wiki?"